Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nywila, usalama na kuonekana Google kwa mwenye tovuti

Maswali haya yametoka kwa wenye tovuti wa Dodoma na mikoa ya jirani: wenye lodji, shule binafsi, wauza mvinyo wa zabibu, wakamua alizeti, vikundi vya kuweka na kukopa. Wengi huanza kwa kuuliza habari za Google au za wadukuzi. Ukifuatilia, tatizo mara nyingi limeanzia nyuma zaidi, kwenye nani ana nywila ya nini. Kwa hiyo na sisi tunaanzia huko.

## Umiliki

1. Nikisema tovuti ni yangu, ni vitu gani hasa viwe mkononi mwangu?

Vinne. Kwanza, akaunti ya msajili wa kikoa, yaani mahali ambapo jina lako la mtandaoni limeandikishwa na linalipiwa kila mwaka. Pili, akaunti ya hosti, ambako mafaili yenyewe yanakaa. Tatu, nywila ya msimamizi mkuu ndani ya tovuti, iwe ni WordPress au mfumo mwingine. Cha nne ndicho kinachosahaulika: barua pepe iliyofungulia hivyo vitatu, pamoja na namba ya simu iliyounganishwa nayo. Mwenye barua pepe hiyo anabonyeza "nimesahau nywila" na vyote vinakuwa vyake kabla hujamaliza chai.

Jipime. Ingia kwenye vyote vinne bila kumpigia mtu simu. Ukikwama hata kwenye kimoja, soma swali la 2 na la 4 kwanza, mengine yatasubiri.

2. Fundi aliandikisha kikoa kwa jina lake. Bado ni changu?

Kwa msajili, mmiliki ni yule aliyeandikwa. Muamala wa M-Pesa uliomlipa fundi utakusaidia kwenye mabishano, lakini haufungui akaunti. Na si lazima fundi awe na nia mbaya. Wengi huweka vikoa vya wateja wote kwenye akaunti moja kwa sababu ni rahisi kuvilipia kwa pamoja. Shida inakuja akihama mji, akibadili kazi, akifariki, au mkikosana kwa deni la laki moja.

Mwombe kwa maandishi mambo mawili: abadilishe jina na barua pepe ya mmiliki ziwe zako, na akupe msimbo wa uhamisho ili ukihamishie kikoa kwenye akaunti yako mwenyewe. Fanya hivyo mkiwa bado mnapigiana simu vizuri. Akigoma, nenda kwa msajili ukiwa na nyaraka: usajili wa BRELA, leseni ya biashara, TIN, risiti. Kwa vikoa vinavyoishia na .tz, mamlaka ya juu ni TCRA.

3. Nichukue .co.tz au .com?

Kama wateja wako wako Tanzania, .co.tz inatosha na inawaambia uko wapi. Shule zina .sc.tz, vyuo .ac.tz, asasi .or.tz, na kuna hata .hotel.tz. Ile ya .go.tz ni ya taasisi za serikali tu. Mtu binafsi akikuahidi kukupatia, mkimbie. Kwa wauza mvinyo wanaolenga wanunuzi wa nje, kununua .com pia na kuielekeza kwenye tovuti ileile si gharama kubwa. Google haikupi nafasi ya juu kwa sababu ya .com, hilo ni uvumi usiokufa.

4. Msimbo wa kuingilia unatumwa kwenye laini ya mtumishi aliyeondoka. Nitaupataje?

Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, laini ni ya mwenye kidole. Hutaweza kwenda dukani kwa kampuni ya simu ukaiomba kwa sababu tu vocha ulikuwa unanunua wewe. Mtafute mtumishi kwa heshima, mkae meza moja, apokee msimbo mara ya mwisho na mbadilishe namba palepale. Usisubiri laini ife. Namba iliyokaa bila kutumika hufungwa na baadaye hugawiwa mtu mwingine, na misimbo yako itaanza kuingia kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Kuanzia hapo, tumia laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la kampuni. Bora zaidi ni programu ya uthibitishaji kwenye simu, isiyotegemea SMS kabisa. Wakati wa kuiwasha utapewa orodha ya misimbo ya akiba. Ichapishe, uiweke kwenye faili moja na hati za kiwanja.

5. Kikoa kimeisha muda, tovuti na barua pepe zote zimekata. Nimekipoteza?

Bado, kama utalipa leo. Kwa siku za mwanzo msajili kwa kawaida hukuruhusu kulipia kama siku zote. Kwa .com, baada ya hapo kuna kipindi cha siku 30 cha kukikomboa kwa malipo ya ziada, na kisha mtu yeyote anaweza kukichukua. Vikoa vya zamani vinawindwa: leo ni shule ya awali, mwezi ujao jina lilelile linatangaza kamari. Lipia miaka kadhaa kwa mkupuo, na hakikisha taarifa za kuisha muda zinakuja kwenye barua pepe unayoisoma, tena isiyoishia na kikoa hichohicho. Kikoa kikilala, na barua ya kukukumbusha inalala nacho.

## Nani aingie

6. Kijana wa field anakuja kutusaidia na tovuti. Nimpe nywila yangu?

Hapana, mfungulie akaunti yake. Mji huu una UDOM, CBE, Chuo cha Mipango na vingine, kwa hiyo kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ofisi hupata kijana anayejua kompyuta kuliko bosi. Ni msaada mzuri. Ila anayepandisha picha na matangazo anahitaji ngazi ya Mhariri, hahitaji ya Msimamizi. Mhariri hawezi kusakinisha plagini (programu ndogo ya kuiongezea tovuti uwezo) wala kufuta watumiaji wengine. Siku barua yake ya field ikiisha unafuta akaunti moja, kazi zake unazihamishia kwa mtu mwingine, na hakuna anayebadilishiwa nywila.

Fundi anayehama hosti au kurekebisha kilichovunjika anahitaji usimamizi kamili. Mpe, kwa muda wa kazi tu. Utaratibu ni huohuo kwenye Google Search Console, huduma ya Google inayokuonyesha inavyoiona tovuti yako: kuna mmiliki, mtumiaji kamili na mtumiaji mwenye mipaka, na mmiliki uwe wewe.

7. Nywila nzuri ikoje?

Ndefu, na isiyotumika mahali pengine. "Dodoma@2025" ina herufi kubwa, namba na alama, na bado ni kati ya zile za kwanza kujaribiwa. Maneno manne au matano yasiyohusiana yanazidi nguvu mchanganyiko mfupi wa alama, na yanakumbukika. Zikiwa nyingi, tumia programu ya kutunza nywila. Daftari la kaunta ambalo kila mhudumu analifungua halihesabiki.

Uthibitisho wa hatua mbili uuwashe kwanza kwenye barua pepe, kwa sababu iliyotajwa swali la 1.

8. Tumeweka ripoti za wanafunzi mtandaoni. Tutahakikishaje kila mzazi anaona ya mwanawe tu?

Kutotangaza kiungo si ulinzi. Kiungo kikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa la tano, kimetoka. Tazama kwanza anwani yenyewe. Ikiwa inaishia na kitu kama ripoti?id=214, mwambie mwalimu wa TEHAMA abadilishe 214 iwe 215 na abonyeze. Ripoti ya mtoto mwingine ikifunguka, mfumo hauna mlango kabisa, hata kama ukurasa wa mbele unaomba namba ya siri.

Dawa ni mfumo kukagua, kwa kila ukurasa unaoombwa, kama aliyeingia anaruhusiwa kuona rekodi hiyo. Hiyo ni kazi ya mtengenezaji wa mfumo. Plagini ya kuficha viungo haiifanyi. Faili la robots.txt nalo halisaidii hapa (swali la 17), na kisheria suala hili ni zito kuliko linavyoonekana (swali la 14).

## Usalama

9. Kwa nini simu za wateja zinaonyesha kwamba tovuti yangu si salama?

Cheti cha usalama hakipo au kimeisha muda. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaziandika hivyo tovuti zote zinazofunguka kwa http badala ya https. Cheti ni bure kupitia Let's Encrypt, na hosti nyingi zina kitufe cha kukiwasha. Ukiulizwa malipo makubwa kwa ajili ya "SSL ya kawaida", uliza unalipia nini hasa.

Vyeti vya Let's Encrypt kwa muda mrefu vimekuwa vya siku 90, na sekta nzima inazidi kufupisha muda: kufikia 2029 cheti cha kampuni yoyote hakitazidi siku 47. Kwa hiyo kujihuisha kuwe kwa kiotomatiki. Kusema "fundi atakumbuka" si mpango.

Na kufuli dogo kwenye baadhi ya vivinjari linathibitisha kwamba mawasiliano kati ya simu na seva hayasomeki njiani. Halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao wana vyeti.

10. Biashara yangu ni ndogo. Nani ahangaike kunidukua?

Hakuna aliyekuchagua. Omba hosti yako ikuonyeshe kumbukumbu za seva (orodha ya kila ombi lililoifikia) za usiku mmoja, hata kwa tovuti ya kinu cha alizeti inayopata wageni wa kuhesabika. Utakuta mistari na mistari ya maombi ya wp-login.php (ukurasa wa kuingilia wasimamizi) na xmlrpc.php (mlango mwingine wa WordPress) kutoka anwani za nchi ambako hujawahi kuuza hata dumu. Utakuta pia maombi ya mafaili ya plagini ambazo hujawahi kuziweka. Hiyo ni roboti inayopita tovuti zote duniani ikijaribu vitasa, na haijui unauza nini.

Wakiingia, mara nyingi wanataka seva yako, siyo siri zako: watume barua taka, waweke kurasa za kamari na dawa bandia chini ya jina lako, au wageuze njia ya wageni wako. Kwa mazingira yetu kuna jingine linalouma haraka, nalo ni kubadilisha namba ya malipo. Ukurasa wa "lipa nafasi yako" unabaki vilevile, picha zilezile, ila tarakimu za Lipa Namba si zako. Lodji moja ya hapa mjini iligundua pale wageni wa wikendi walipofika na risiti za malipo ambayo mapokezi hawajayaona. Fungua ukurasa wako wa malipo kila Jumatatu na usome tarakimu moja moja. Sijaona plagini inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko macho.

11. Nimepewa bure plagini ambayo kwa kawaida inalipiwa. Nitumie?

Usitumie. Nakala zilizovunjwa mara nyingi huja na mlango wa nyuma, na hata zikiwa safi hazipati masasisho. Udukuzi mwingi wa WordPress hupitia plagini na mandhari (mafaili ya mwonekano wa tovuti) zilizopitwa na wakati. Sasisha kila wiki, na usichotumia kifute kabisa. Kukizima tu hakutoshi, mafaili yake bado yapo.

12. Hosti wanasema wanatunza bakapu. Inatosha?

Haitoshi. Akaunti ya hosti ikifungwa kwa deni au ikidukuliwa, bakapu iliyo ndani yake inaondoka nayo. Weka nakala moja nje ya hosti, kwenye diski au hifadhi nyingine ya mtandaoni, yenye mafaili pamoja na hifadhidata. Watu hupakua mafaili wakasahau hifadhidata, halafu siku ya siku wanapata picha tupu bila neno hata moja. Angalau mara moja kwa mwaka jaribu kuirejesha mahali pa majaribio.

13. Nimedukuliwa. Nianzie wapi?

Usianze kwa kufuta. Chukua nakala ya hali ilivyo na kumbukumbu za seva, utazihitaji kujua walipitia wapi. Kisha weka tovuti kwenye hali ya matengenezo (swali la 25 linaeleza namna isiyokuharibia Google) na badilisha nywila kwa mpangilio huu: barua pepe, msajili, hosti, hifadhidata, watumiaji wa tovuti. Ukianza na tovuti ukaacha barua pepe, watarudi usiku huohuo.

Kama una bakapu ya kabla ya tukio, rejesha hiyo, usasishe kila kitu kabla ya kuifungua. Kama huna, kazi ni ya mtu anayejua: kulinganisha mafaili ya mfumo na ya asili, kutafuta watumiaji wapya wenye ngazi ya Msimamizi, kukagua kazi zinazojiendesha kwa ratiba.

Sasa sehemu inayowapita wengi. Tovuti inaweza kuonekana safi kwako na chafu kwa Google. Andika kwenye Google site: ikifuatiwa na kikoa chako bila nafasi. Ukiona kurasa za Kijapani zinazouza saa na viatu chini ya jina la duka lako la unga, bado wapo. Huwa wanawaonyesha watambazi wa Google (programu zinazopita tovuti zikisoma kurasa) ukurasa mmoja na wewe mwingine, kwa hiyo tumia kifaa cha kukagua anwani ndani ya Search Console kuona kile Google inachokiona. Humo humo, fungua orodha ya wamiliki, maana wadukuzi hupenda kujiongeza. Waondoe, na pia futa faili au rekodi waliyotumia kujithibitisha, la sivyo watarudi. Ukimaliza kusafisha ndipo uombe Google wakague upya ili onyo jekundu wanaloliona wageni, kama lipo, liondolewe.

Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo kama fedha zimepotea fungua jalada polisi ukiwa na zile kumbukumbu. TZ-CERT, kitengo kilicho chini ya TCRA, hupokea taarifa za matukio ya namna hii.

14. Nakusanya majina, simu na namba za NIDA za wageni kupitia fomu. Kuna sheria?

Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wanaokusanya au kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mwenye tovuti ndogo, ushauri wangu ni kupunguza kwanza. Fomu ya kuulizia chumba inahitaji jina, simu na tarehe. Namba ya kitambulisho ataitoa akifika mapokezi. Usichokihifadhi hakiwezi kuibwa kwako.

## Kuonekana Google

15. Tovuti inafunguka nikiandika anwani, lakini Google haipo. Kwa nini?

Angalia kwanza kile kisanduku. Kwenye WordPress, mipangilio ya Usomaji ina kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Fundi hukiweka alama wakati wa ujenzi, kazi inaisha, hela inalipwa, alama inabaki. Ni sababu ya kijinga na ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

Kama si hiyo, jiandikishe Search Console (ni bure), thibitisha umiliki kwa rekodi ya TXT (mstari wa maandishi unaouweka kwenye mipangilio ya kikoa), kisha kagua ukurasa wako wa mbele. Utaambiwa kama haujulikani, umezuiwa, au umeonekana lakini haujaorodheshwa. Hilo la mwisho mara nyingi maana yake ukurasa hauna kitu: picha tatu na "Karibuni sana".

16. Inachukua muda gani, na ramani ya tovuti inaharakisha?

Siku kadhaa hadi wiki kadhaa kwa tovuti mpya. Ramani ya tovuti ni orodha ya anwani unazotaka zijulikane. Faili moja linabeba hadi anwani 50,000, kwa hiyo wewe hutakwama hapo. Inasaidia Google kuzigundua kurasa, haiilazimishi kuzipanga juu. Kiungo kimoja kutoka tovuti inayoheshimika, kwa mfano ya chama cha wafanyabiashara ulichojiunga nacho, huweza kusaidia zaidi.

17. Je, robots.txt inaficha kurasa zangu?

Haifichi. Ni faili la maandishi ya kawaida linalowaomba watambazi wasipite mahali fulani, na linasomeka na kila mtu akiandika kikoa chako na /robots.txt. Utaratibu huu umekuwepo tangu 1994 na ulipata kiwango rasmi mwaka 2022, na hadi leo unategemea ustaarabu wa anayesoma. Ni kibao cha "Mbwa mkali" kwenye geti lisilo na komeo. Tena kuna wanaoandika humo:

Disallow: /mishahara-ya-walimu/

Wamemwelekeza mwizi chumba chenyewe.

Kosa la pili ni la kitaalamu kidogo lakini limewasumbua wengi. Kuzuia ukurasa kwenye robots.txt hakuuondoi Google. Anwani inaweza kubaki kwenye matokeo bila maelezo, kwa sababu wengine wameiunganisha. Kuuondoa kunahitaji alama ya noindex ndani ya ukurasa, na ili Google iione alama hiyo lazima iruhusiwe kuingia. Ukiweka vyote viwili, kizuizi kinaifunika alama na ukurasa unabaki. Kwa hiyo chagua: robots.txt ni ya kupunguza msongamano wa watambazi, noindex ni ya kutoonekana kwenye matokeo, nywila ni ya siri.

18. Kuna ukurasa wa zamani nataka utoke Google leo.

Kifaa cha kuondoa kilichomo Search Console kinauficha haraka, kwa takriban miezi sita tu. Ndani ya muda huo fanya la kudumu: ufute ili urudishe msimbo 404 au 410 (ukurasa haupo), uwekee noindex, au uufunge kwa nywila.

19. Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Andika lugha anayotafutia mteja wako. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa na mtalii anayetaka kuona michoro ya miambani ya Kolo hawaandiki maneno yaleyale. Ukihitaji zote mbili, tenga kurasa, kila moja kwa lugha yake, uzitambulishe kwa alama za hreflang (ya Kiswahili ni sw). Usichanganye lugha mbili aya kwa aya ndani ya ukurasa mmoja, na usiachie mashine itafsiri bila mtu kusoma.

20. Mbona jirani yangu anatokea kwenye ramani na mimi sipo?

Ramani inatoka kwenye wasifu wa biashara wa Google, siyo kwenye tovuti. Jiandikishe bure na uthibitishe. Andika mtaa na postikodi kama zilivyo kwenye anwani za makazi, siyo sanduku la posta tu, na usogeze alama hadi getini kwako. Nzuguni, Nkuhungu na Mtumba zimejengwa kwa kasi, na alama zilizopachikwa kwa kukisia zimewapeleka wageni viwanja vya watu. Jina, simu na anwani zifanane na za kwenye tovuti.

21. Kuna mtu anaahidi kuniweka ukurasa wa kwanza kwa malipo ya mwezi. Nimwamini?

Hakuna anayeweza kuahidi nafasi kwenye matokeo yasiyolipiwa. Muulize atafanya nini. Akisema ataongeza orodha ya maneno muhimu kwenye kichwa cha ukurasa, Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haitumii alama hiyo kupanga matokeo. Akisema atanunua viungo elfu, anakutafutia adhabu. Akisema atakuandikia kurasa bora na kurekebisha kasi kwenye simu, hapo kuna mazungumzo: Google inaisoma tovuti kama simu inavyoiona, na wateja wako wako kwenye bando.

## Hali zisizo za kawaida

22. Mashambulizi yote yanatoka nje. Nifunge nchi zote nibakize Tanzania?

Fikiri mara mbili. Googlebot, mtambazi wa Google, hutambaa zaidi kwa anwani za Marekani. Ukiifungia Marekani, Google itapokea msimbo 403 (umekataliwa) na kurasa zako zitaanza kudondoka, huku wewe ukiwa Area D unaiona tovuti inafunguka vizuri. Funga badala yake sehemu moja, ukurasa wa kuingilia wasimamizi, na ruhusu humo anwani zako tu. Swali la 10 linaeleza kwa nini ukurasa huo ndio unaogongwa.

23. Mtambazi anajiita Googlebot lakini anaielemea seva. Nitajuaje ni wa kweli?

Jina mtu yeyote anaweza kujiandikia. Chukua anwani yake ya IP, tafuta jina la seva linaloimiliki; liishie na googlebot.com au google.com. Kisha geuza, tafuta IP ya jina hilo. Zikifanana ni yeye. Zisipofanana, mfungie bila huruma.

24. Sitaki maandishi yangu yafunzie akili bandia. Nikizuia, nitapotea Google?

Hapana. Kwenye robots.txt unaweza kukataa majina yanayohusika na kukusanya maandishi ya kufunzia akili bandia: GPTBot, ClaudeBot, CCBot na Google-Extended. Hilo la mwisho limetenganishwa na utafutaji wa kawaida, kwa hiyo kulikataa hakugusi nafasi yako. Usikosee tu ukamkataa Googlebot mwenyewe. Kumbuka pia lililosemwa swali la 17: wastaarabu watatii, wengine hawatatii.

25. Kila Bunge la bajeti seva inazidiwa. Niizime kwa muda?

Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni wenye lodji wanalijua hili, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 hata wikendi zimechangamka. Kabla ya kuzima, washa kashe (seva itoe nakala za kurasa zilizoandaliwa tayari) na upunguze ukubwa wa picha. Picha moja ya chumba yenye megabaiti nane ni mzigo kwa seva na ni wizi wa bando la mteja.

Ikibidi kuzima, seva itoe msimbo 503, unaosema "rudi baadaye". Usitoe 404, na usiweke ukurasa wa "tunarudi hivi punde" wenye msimbo 200 (kila kitu ni sawa), maana Google itauorodhesha huo kama tovuti yako. Saa chache za 503 hazina neno. Zikiendelea kwa siku nyingi, kurasa huanza kuondolewa.

26. Wateja wa hapa hawafungui tovuti, lakini rafiki yangu aliye Ulaya anafungua. Nani ana kosa?

Huenda si wewe. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tovuti nyingi za Watanzania zilizohifadhiwa nje zilikuwa hai kabisa, ila njia ya kuzifikia ndiyo iliyobanwa. Jaribu kwa mtandao mwingine wa simu kabla ya kugusa chochote. Watu hubadili mipangilio ya kikoa kwa hofu na kuleta tatizo la pili. Kama karibu wateja wako wote wako nchini, hosti yenye seva Tanzania ina faida hapo.

27. Nafunga biashara. Niiache tovuti ife yenyewe?

Isife kabla hujahamisha barua pepe. Ikiwa benki, TRA, BRELA au akaunti za mitandao ya kijamii zina anwani inayoishia na kikoa hicho, atakayekinunua baadaye ataweza kufungua sanduku lenye jina lilelile na kuomba nywila mpya moja baada ya nyingine. Badilisha anwani hizo zote kwanza. Pakua nakala, futa taarifa za wateja kwenye hosti, acha ukurasa mmoja unaosema umefunga na namba ya kupigwa, kisha endelea kulipia kikoa kwa mwaka mmoja au miwili zaidi, hata kama hosti umeshaiacha.